Mtoto wa Mhunzi: Maisha ya Soichiro Honda



Waliosoma shuleni kwetu miaka ya sabini hawawezi kuwa wameisahau pikipiki ya shule, ile Honda ndogo ya cc 50 yenye ngao nyeupe mbele ya miguu. Ndiyo iliyokwenda posta kuleta barua zetu, na ndiyo iliyokwenda mjini kufuata dawa za zahanati. Wakati wa kujisomea usiku, tulipoisikia inapanda kilima tulikaa sawasawa vitini, maana tulijua mwalimu wa zamu amerudi. Tangu mwaka 1984 pikipiki hiyo ilikuwa imelala stoo, nyuma ya karakana ya useremala, chini ya madawati mabovu.

Katika mkutano wa maandalizi ya sherehe yetu, ilitolewa hoja kwamba vyuma vyote vya stoo viuzwe kwa kilo. Nilisimama kuipinga hoja hiyo. Wengi wenu mnajua kwamba nilimaliza Kidato cha Nne mwaka 1979 na matokeo yangu hayakunipeleka popote. Nilikwenda gereji, na gereji ndiyo iliyonilea mpaka leo. Kamati ikakubali kunipa muda hadi siku ya sherehe: pikipiki ikiwaka, itabaki shuleni, isipowaka, itakwenda kwenye mizani pamoja na vyuma vingine. Niliomba vijana wanane wa Kidato cha Pili wanisaidie, nikapewa.

Jumamosi ya kwanza kijana mmoja aliniuliza Honda ni neno la lugha gani na maana yake ni nini. Nikamwambia ni jina la mtu. Hakuniamini. Nilipomsimulia Mhariri jambo hilo alinitaka niandike maisha ya mtu huyo katika gazeti letu. Mimi si mwandishi, lakini habari za mtu huyu nimezifuatilia kwa miaka mingi, na nitazieleza kama ninavyoeleza kazi gerejini: kwanza jambo hili, kisha lile.

UTOTO WAKE

Soichiro Honda alizaliwa tarehe 17 Novemba, 1906, katika kijiji cha Komyo, karibu na mji wa Hamamatsu, mkoa wa Shizuoka, nchini Japani. Baba yake, Gihei, alikuwa mhunzi, na mama yake, Mika, alikuwa mfumaji. Baadaye baba aliongeza kazi ya kutengeneza baiskeli. Kwa hiyo mtoto huyo alikulia katika moshi wa mkaa na mlio wa nyundo.

Siku moja gari lilipita kijijini, la kwanza kuliona maishani mwake. Alilifukuza mbio mpaka likamwacha. Pale liliposimama lilikuwa limedondosha oili. Akainama akainusa na kujipaka mikononi. Hata alipokuwa mzee na tajiri aliendelea kuisimulia harufu ile.

Shuleni hakuwa mtoto wa kusifiwa. Alipenda kazi ya mikono, lakini kusoma na kuandika kulimchosha. Shule ilikuwa ikiwapa watoto ripoti za masomo wazipeleke nyumbani, zigongwe muhuri wa familia, kisha wazirudishe. Inasimuliwa kwamba Soichiro, kwa kuogopa kuionyesha ripoti yake, alichonga muhuri kutoka mpira wa pedali ya baiskeli, akaugonga mwenyewe. Mambo yakaenda vizuri. Wenzake walipojua wakamwomba awachongee na wao, akawachongea. Kumbe muhuri huchongwa kinyumenyume ili maandishi yatoke sawa. Jina la Honda, likiandikwa kwa maandishi ya Kijapani toka juu kwenda chini, halibadiliki hata likigeuzwa, lakini majina ya wenzake yalitoka yamepinduka. Walimu wakagundua, na adhabu ikafuata. Nawaomba vijana wasiuchukue mfano huo. Lakini kuna jambo la kukumbuka hapo: mkono wake ulijua kuchonga, ila hakujua kwa nini muhuri huchongwa vile. Kosa la namna hiyo lilikuja kumpata tena ukubwani, kwa gharama kubwa zaidi.

Mwaka 1917 rubani Mmarekani, Art Smith, alifika Hamamatsu kuonyesha michezo ya ndege. Soichiro alichukua baiskeli ya baba yake bila ruhusa. Ilikuwa kubwa kuliko yeye, lakini aliiendesha kiasi cha kilomita 20 mpaka uwanjani. Hakuwa na kiingilio cha kutosha, basi akapanda juu ya msonobari akaangalia kutoka huko. Aliporudi nyumbani alitegemea kipigo. Baba yake, aliposikia mtoto amefika mpaka kule na ameiona ndege kwa macho yake, alisahau hasira.

GEREJI YA TOKYO

Mwaka 1922, akiwa na miaka 15, aliona katika jarida tangazo la gereji moja ya Tokyo iliyoitwa Art Shokai. Tangazo halikuwa la kutafuta wafanyakazi, lakini aliandika barua kuomba kazi, akakubaliwa. Alifika na furaha nyingi, akapewa ufagio na mtoto wa tajiri wa kumbeba mgongoni. Kwa miezi mingi kazi yake ilikuwa kufagia na kulea, huku akiangalia mafundi wanavyofungua magari. Alikaribia kukata tamaa na kurudi kwao. Hatimaye siku moja ya kazi nyingi aliitwa ashike spana.

Tarehe 1 Septemba, 1923, tetemeko kubwa la ardhi liliipiga Tokyo, na moto ukafuata. Katika kuyaokoa magari ya wateja, Honda aliendesha gari kwa mara ya kwanza. Gereji iliteketea, na karibu mafundi wote walirudi makwao. Honda alibaki na tajiri wake, Yuzo Sakakibara. Mji ulikuwa umejaa magari yaliyoungua, na watu waliyaona kuwa majivu tu. Sakakibara na kijana wake waliyakusanya, wakafungua injini moja moja, wakanyoosha vyuma na kuyapaka rangi. Magurudumu ya magari ya wakati ule yalikuwa na spoki za mbao, nazo zilikuwa zimekwisha kwa moto, kwa hiyo ilibidi zichongwe upya. Magari yakatoka yanatembea. Kazi ile ndiyo iliyomfanya Honda fundi kamili, naye hakuwa ametimiza miaka 18.

Mwaka uliofuata walifanya kubwa zaidi. Walichukua injini ya ndege ya Curtiss iliyokuwa imekwisha kazi yake angani, wakaifunga juu ya fremu ya gari la Mitchell la Marekani. Vipuri vingi walivitengeneza wenyewe. Novemba 1924 gari hilo lilishinda mashindano ya magari ya Japani, akiliendesha Shinichi Sakakibara, mdogo wa tajiri, na Honda ameketi kando kama fundi.

Mwaka 1928 Sakakibara alimruhusu arudi Hamamatsu kufungua tawi la gereji kwa jina lile lile. Kazi ilimwendea vizuri. Alibuni spoki za chuma badala ya za mbao, akapata hataza yake. Aliendelea pia na mashindano, mpaka tarehe 7 Juni, 1936, gari lake lilipogongana na jingine karibu na mto Tama, Tokyo, likapinduka. Yeye aliumia, na mdogo wake Benjiro, aliyekuwa naye garini, aliumia zaidi.

RINGI ZA PISTONI

Hapa nawarudisha kidogo kwenye karakana yetu. Pikipiki ya shule ilipotolewa stoo, jambo la kwanza nililowakataza vijana ni kupiga kiki. Injini iliyolala miaka mingi hukauka, na ringi za pistoni hushikana na silinda kwa kutu. Ukiilazimisha, unakwaruza ukuta wa silinda na kazi yote imeharibika. Tulifungua plagi, tukamimina oili kidogo ndani ya silinda, tukaiacha siku tatu, kisha tukazungusha injini taratibu kwa spana, mbele kidogo na nyuma kidogo. Ilizunguka. Tulipofungua silinda tukakuta ringi moja imeganda kabisa katika mfuo wake.

Vijana waliishangaa ringi ile kwa udogo wake. Ni kipande chembamba cha chuma, mviringo usiofungana. Lakini kazi yake ni kubwa: huzuia nguvu ya mlipuko isipotelee chini, hukwangua oili isipande juu ikaungua, na huhamishia joto la pistoni kwenye silinda. Ikiwa laini mno inalika. Ikiwa ngumu mno inavunjika au inakula silinda.

Kitu hicho kidogo ndicho kilichomshinda Soichiro Honda. Akiwa na miaka kama 30, mwenye gereji inayojulikana mji mzima, aliamua kuacha kutengeneza magari ya watu na kuanza kuzalisha ringi za pistoni. Aliona ni kazi rahisi ya kusubu chuma, naye ni mtoto wa mhunzi. Ringi zake zilitoka kama mawe. Alikesha kiwandani, akala akiba yake yote, akauza vitu vya nyumbani, lakini ringi ziliendelea kuvunjika. Mwishowe akapeleka kipande kwa mwalimu wa chuo cha ufundi cha Hamamatsu. Mwalimu alikipima akamwambia kwamba chuma kile kina upungufu wa silikoni. Honda hakuwa amewahi kufikiria kwamba silikoni inahusika.

Basi mtu mzima huyo, mwenye mke na wafanyakazi, aliomba kuingia darasani pamoja na vijana. Kwa muda wa miaka kama miwili alihudhuria masomo asubuhi na kurudi kiwandani baadaye. Alisikiliza yaliyohusu ringi zake na kuyaacha mengine. Mitihani hakufanya. Alipoambiwa kwamba hatapewa cheti, inasimuliwa alijibu kwamba tikiti ya sinema ina thamani zaidi, maana tikiti walau inakuingiza ukumbini.

Najua vijana watakipenda kisa hicho, na hata mimi nilikipenda sana nilipokisoma mara ya kwanza, kwa sababu kilinipa faraja. Nilijiambia kwamba Honda hakuwa na cheti, nami sina, basi tuko sawa. Ilinichukua miaka kukisoma vizuri. Mtu yule alidharau cheti, lakini alikwenda darasani. Alikwenda kwa sababu alikuwa na swali lililomuuma, na aliketi mpaka akalipata jibu. Mimi wakati wa shule nilitaka cheti bila kuwa na swali lolote, ndiyo maana nilikosa vyote viwili.

Hata baada ya kuijua silikoni shida haikuisha. Ringi 50 alizozipeleka kampuni ya Toyota zipimwe, zilizokubaliwa zilikuwa 3 tu. Akazunguka Japani kwenye vyuo na viwanda vya chuma, akiuliza na kutazama, mpaka ringi zake zikakubalika na Toyota ikawa mteja wake. Mwaka 1942, wakati wa vita, Toyota ilinunua asilimia 40 ya kampuni hiyo.

Vita vilimwondolea alichokijenga. Kiwanda chake cha Hamamatsu kilibomolewa na mabomu ya ndege, na kile cha Iwata kiliangushwa na tetemeko la tarehe 13 Januari, 1945. Vita vilipokwisha aliwauzia Toyota hisa zake kwa yen 450,000, akatangaza kwamba anapumzika mwaka mmoja. Akakaa akipiga zumari na kunywa na rafiki zake, na watu wakadhani amekwisha.

INJINI ZA STOO

Mwaka 1946, alipokuwa nyumbani kwa rafiki yake mmoja, aliona injini ndogo. Ilikuwa imetengenezwa kuzalisha umeme wa redio za mawasiliano za jeshi. Jeshi halikuwapo tena, na injini hizo zilikuwa zimebaki bila kazi. Wakati huo Japani ilikuwa na njaa. Treni zilijaa mpaka watu wakaning'inia, na akina mama walikwenda mbali kwa baiskeli kutafuta chakula vijijini. Mkewe, Sachi, alikuwa mmoja wao. Honda akawaza kwamba injini hii ikifungwa kwenye baiskeli, safari ile itakuwa nyepesi.

Alikwenda nyumbani akajaribu. Tangi la mafuta hakuwa nalo, akachukua chombo cha bati cha nyumbani kilichotumika kutilia maji ya moto ya kupasha kitanda. Kwanza injini iliizungusha tairi ya mbele kwa msuguano wa mpira, lakini tairi ikalika upesi. Akabadili, akaweka mkanda wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Sachi ndiye aliyeiendesha mitaani mbele ya watu, na nguo zake zikaingia oili.

Oktoba mwaka huo alifungua karakana ndogo Hamamatsu akiwa na watu wachache. Alizinunua injini za namna ile kiasi cha 500. Wala hakuzifunga tu na kuziuza. Kila injini ilifunguliwa, ikarekebishwa, ikafungwa upya na kujaribiwa barabarani kabla mteja hajaipata. Petroli ilikuwa adimu, ikabidi ichanganywe na tapentaini ya misonobari. Wateja walitoka mpaka Tokyo na Osaka.

Injini 500 zikaisha. Hapo angeweza kurudi kwenye ufundi wa gereji. Lakini wakati ule alikuwa amekwisha kuzijua injini zile ndani na nje, na mwaka 1947 akatoa injini yake mwenyewe. Wajapani waliita baiskeli zile bata-bata kwa kufuata mlio wake, kama sisi tulivyosikia mlio huo tukaita pikipiki. Vijana wangu wa karakana walicheka sana kusikia kwamba babu ya Honda zote aliitwa bata.

MUHURI WA KAMPUNI

Tarehe 24 Septemba, 1948, kampuni ya Honda iliandikishwa ikiwa na mtaji wa yen milioni moja na wafanyakazi 34. Mwaka uliofuata ilitoa pikipiki kamili ya cc 98 iliyoitwa Dream. Mwaka huo huo Honda alikutana na Takeo Fujisawa, mtu wa biashara asiyejua kufungua hata boliti, wakakubaliana kwamba mmoja atashughulika na mashine na mwingine na fedha. Honda alimkabidhi Fujisawa muhuri wa kampuni, na kwa muda wote waliofanya kazi pamoja hakuugusa. Yule mtoto aliyechonga muhuri wa uongo alikuja kumwachia mwenzake muhuri wa kweli, na hakuna aliyemsaliti mwenziwe.

Mwaka 1954 biashara ilikuwa mbaya kiasi cha kampuni kukaribia kuanguka. Katika hali hiyo Honda alitangaza kwamba watashiriki mashindano ya pikipiki ya Kisiwa cha Man, yaliyokuwa makubwa kuliko yote duniani. Mwezi wa Juni alikwenda kuyaangalia, akaona kwamba pikipiki za Wazungu zilikuwa na nguvu mara tatu ya zake kwa injini ya ukubwa ule ule. Alirudi na mzigo wa vipuri alivyonunua, vifunguliwe na kuchunguzwa. Timu yake ilifika kisiwani mwaka 1959, na katika daraja la cc 125 dereva wao bora, Naomi Taniguchi, alishika nafasi ya sita, na timu ikapata tuzo ya timu ya watengenezaji. Mwaka 1961 walishinda madaraja mawili, cc 125 na cc 250, na katika kila moja pikipiki tano za kwanza zilikuwa Honda.

Katikati ya mambo hayo, mwezi wa Agosti 1958, ilitoka pikipiki ile tuliyonayo shuleni, Super Cub. Fujisawa alikuwa ametaka chombo ambacho mtu wa kawaida anaweza kukiendesha bila kuogopa. Haina mkono wa klachi, hivyo mchukuzi wa chakula wa Tokyo angeweza kuendesha kwa mkono mmoja na kushika sinia kwa mwingine. Ngao ya plastiki ilikinga matope na upepo. Injini yake ni ya mipigo minne, ndogo na yenye kula mafuta kidogo. Mwaka 2017 idadi ya Super Cub zilizotengenezwa ilifika milioni 100. Hakuna chombo kingine cha injini duniani kilichofikia idadi hiyo.

UKALI WAKE NA KUSTAAFU KWAKE

Si haki kumsifu tu. Honda alikuwa mkali mno. Kazi mbovu ilimtia wazimu, na mafundi wake walisimulia jinsi alivyowapiga kwa mkono na hata kwa chombo alichokuwa amekishika. Tena alikuwa mbishi. Alishikilia kwamba injini za magari zipozwe kwa hewa, wakati wahandisi wake vijana walikuwa wamekwisha kuona kwamba kupoza kwa maji ndiyo njia ya kupunguza moshi wenye sumu. Mabishano yakaendelea mpaka Fujisawa akamtaka achague kama anataka kuwa mkuu wa kampuni au mhandisi. Akakubali, na vijana wakaachiwa njia. Mwaka 1972 walitoa injini ya CVCC, ya kwanza kutimiza masharti magumu ya Marekani kuhusu usafi wa hewa. Honda alifurahi kwamba sasa atazishinda kampuni kubwa za Marekani. Vijana wakamwambia kwamba wao hawakuifanya kazi ile kwa kushinda kampuni yoyote, bali kwa ajili ya watu wanaovuta hewa. Alikiri baadaye kwamba maneno hayo yalimwonyesha kuwa wakati wake umekwisha.

Oktoba 1973 yeye na Fujisawa walistaafu pamoja. Hawakuwarithisha watoto wao kampuni. Kisha Honda akaanza safari ya kuzunguka Japani nzima, kiwanda kwa kiwanda na duka kwa duka, akiwapa mkono wafanyakazi na kuwashukuru. Inasimuliwa kwamba fundi mmoja alirudisha mkono nyuma kwa haya, kwa kuwa ulikuwa na oili. Honda akaushika vivyo hivyo, kisha akanusa kiganja chake.

Alifariki tarehe 5 Agosti, 1991, akiwa na miaka 84. Aliusia kwamba kampuni isimfanyie mazishi makubwa, maana mtengenezaji wa magari hapaswi kuwasababishia watu msongamano barabarani. Lile gari la mwaka 1924 lenye injini ya ndege limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la kampuni huko Motegi, lililofunguliwa mwaka 1998. Mafundi wa jumba hilo huvirudisha vyombo vya zamani katika hali ya kutembea, ili visiwe mapambo tu.

PIKIPIKI YETU

Nanyi mtataka kujua ya kwetu yameishiaje. Tangi lilikuwa na kutu; tuliweka nati kuukuu na petroli kidogo ndani yake, vijana wakalitikisa kwa zamu mpaka maji ya kahawia yakaisha. Katika kabureta petroli ya zamani ilikuwa imekauka kama ulimbo na kuziba tundu dogo la kupitishia mafuta. Tuliizibua kwa waya laini wa shaba, maana waya wa chuma hupanua tundu. Vile visehemu viwili vinavyogusana na kuachana ili kutoa cheche tulivisugua kwa msasa mwembamba. Ringi mpya tuliagiza mjini. Oili ya zamani tuliimwaga yote, na breki tukazisafisha.

Jumamosi iliyopita, kiki ya kumi na moja, iliwaka. Vijana walipiga kelele mpaka Mkuu wa Shule akatoka ofisini. Baada ya dakika nne ikazimika. Tukaiwasha tena, ikaenda dakika nne, ikazimika. Mimi, fundi wa miaka zaidi ya arobaini, nikarudi kwenye kabureta, nikaifungua mara mbili bila kuona kosa. Kijana mmoja, mpole asiyesema sana, akaniuliza kwa nini tangi linapiga mluzi kila mfuniko unapofunguliwa. Nikasimama nikamtazama. Mfuniko wa tangi una tundu dogo la kuingiza hewa. Nyigu alikuwa amelijengea udongo. Mafuta yakipungua na hewa isiingie, mafuta hukataa kushuka. Tulilizibua kwa pini, na pikipiki ikaunguruma mpaka mafuta yakaisha.

Kijana yule katika mtihani wa muhula uliopita alikuwa wa tatu kutoka mwisho darasani. Nimemwomba mwalimu wa fizikia amkalishe mbele, na kijana mwenyewe nimemwambia kwamba swali alilouliza karakana lina majibu yake katika kitabu cha Kidato cha Pili, sura ya mkandamizo wa hewa. Ameniahidi kuisoma. Nitamwuliza siku ya sherehe.

Kamati imekubali pikipiki ibaki. Itatunzwa karakana, na vijana wataiwasha kila mwisho wa wiki na kuandika daftarini. Kilichobaki ni tairi mbili za inchi 17, saizi 2.25, maana zilizopo zimepasuka, pamoja na kadi ya usajili, ambayo ofisini haionekani. Yeyote kati yenu aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya shule kabla ya mwaka 1984, tafadhali apekue makaratasi yake ya zamani, na akiiona aje nayo siku ya sherehe.